Alama za Morse: Somo au Kizuizi?

Kwa miaka mingi mtu aliyetaka leseni ya redio ya ridhaa katika masafa yaliyo chini ya megahezi 30 alilazimika kwanza kufaulu mtihani wa alama za Morse. Mwaka 2003 mkutano wa kimataifa uliofanyika Geneva uliliondoa sharti hilo, ukaiachia kila nchi uamuzi wake. Uingereza iliuacha mtihani mwaka huo huo. Marekani ikafuata mwaka 2007. Hata hivyo mabishano hayakukoma.

Wapo wanaoshikilia kwamba mtihani ule ulikuwa chekeche la kuwatenga wavivu. Hoja hiyo yafaa ipimwe kwa kuuliza leseni hutolewa kwa ajili gani. Leseni ni ithibati kwamba mwenye mtambo hatawavuruga wenzake wala hatadhuru mtu kwa umeme. Zamani Morse ilihusika na jambo hilo, maana meli zilizokuwa hatarini ziliitumia kuomba msaada. Lakini tangu tarehe 1 Februari 1999 usalama wa meli umetegemea mfumo mwingine, unaotumia setilaiti na mitambo inayojiendesha. Sababu ilipokwisha, sharti lilibaki kuwa mazoea tu. Nalo liliwawekea kikwazo wenye masikio mazito, hata walioijua vema nadharia ya umeme.

Walakini kufuta mtihani si kufuta elimu. Sauti ya mtu ikipitishwa katika mawimbi mafupi huhitaji upana wa masafa wa hezi 3,000 hivi. Morse huhitaji takriban 150. Kwa kuwa kelele huingia kwa kadiri ya upana huo, chujio jembamba hupunguza nguvu ya kelele mara 20. Ndiyo maana mtambo wa wati chache huweza kusikika mbali kwa Morse, pale ambapo sauti ingepotea.

Hata mpangilio wa alama ni somo la hesabu. Herufi E, itumikayo mno katika Kiingereza, ni nukta moja tu. Mwalimu na awape wanafunzi ukurasa mmoja wa Kiswahili wahesabu herufi. Wataona kwamba nukta hiyo ingeifaa zaidi A.

Basi mtihani wa leseni na uulize yale ambayo mtu asipoyajua atawadhuru wengine. Mengine yafundishwe kwa sababu yana manufaa, wala yasigeuzwe kuwa kufuli la mlango.