Kohozi la Mfanyakazi wa Mkonge

Katika viwanda vya mkonge vya Korogwe na Handeni, singa zinapopigwa brashi vumbi hutimka, na wafanyakazi hukohoa. Wengi wetu huliona kohozi kuwa uchafu tu. La hasha! Ute ni mlinzi: hunasa vumbi, na vinyweleo vya njia ya hewa huusukuma nje.

Amri ya kuutoa hupitia kwa kalsiamu. Ndani ya seli iliyotulia, kalsiamu iliyo huru ni haba mno, yapata sehemu moja kwa 10,000 ya ile iliyo nje. Seli ikichokozwa, kalsiamu hufunguliwa kutoka ghala zake za ndani. Ndipo vifuko vya ute huungana na utando wa seli na kumwaga shehena yake, nayo hunyonya maji na kufura mara mamia.

Lakini mlinzi akiitwa kila saa, miaka nenda miaka rudi, seli za ute huongezeka na njia ya hewa huziba. Kwa hiyo si haki kumwambia mfanyakazi azoee. Vumbi lizuiwe papo hapo mashineni, kabla halijafika puani. Nanyi walimu, mnapofundisha seli, anzeni na kohozi hilo.