Simu Isiwe Badala ya Mtu

Wapo watu wanaodai kwamba simu ya mkononi imeua undugu nchini. Madai hayo ni mepesi mno. Kabla ya mwaka 2008, huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza Tanzania, mwalimu aliyepangiwa kazi mbali na kwao, akitaka kumpelekea mama yake fedha za dawa, mara nyingi alimkabidhi kondakta wa basi bahasha, kisha akakaa roho juu mpaka habari zirudi. Siku hizi fedha hizo hufika kabla mama hajatua ndoo ya maji. Mwenye kudharau maendeleo hayo ni mtu asiyekuwa na mama kijijini.

Hata hivyo, hapana budi kuukabili ukweli. Kilichorahisishwa ni kutuma, na binadamu akirahisishiwa kutuma huanza kuacha kwenda. Mtumishi anapofiwa, kundi la WhatsApp la ofisi hujaa salamu za pole kwa muda wa nusu saa. Orodha ya michango hubandikwa pamoja na majina na viwango, na aliyetoa kidogo huonekana na wote. Lakini jioni, mkekani, wamekaa wazee wa mtaa na jamaa wachache; waliotuma wanahesabu kwamba wamekwisha kuzika.

Msiba haukuwa kamwe jambo la fedha peke yake. Kuchimba kaburi, kupasua kuni, kuteka maji na kulala matangani zilikuwa kazi ambazo mkurugenzi na tarishi walizifanya bega kwa bega, na kwa siku tatu hizo cheo kilisahauliwa. Asiyekuwa na shilingi alikuwa na mikono, na mikono yake ilikuwa mchango kamili. Katika orodha ya simu mikono haina safu. Taifa lililotangaza kwamba binadamu wote ni sawa linajizoeza, taratibu na bila kujua, kumpima mtu kwa kiasi alichotuma.

Je, kosa ni la mashine? Historia yasema sivyo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu na kujadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio nayo ilikuwa chombo kigeni. Bali ilipangwa ili iwakutanishe watu na kuwafikisha kwenye kazi. Simu imeachwa mikononi mwa wauza vifurushi.

Maofisini hali ni hiyo hiyo. Mkuu anayemkaripia mwalimu kijana saa nne usiku, mbele ya kundi zima, amelikimbia jukumu la kumwita, kumketisha na kumsikiliza.

Marekebisho yanaweza kuanza kesho, tena bila waraka wowote kutoka juu. Fedha za msiba zitangazwe kwa jumla tu, bila majina. Kando yake iwekwe orodha ya zamu: nani atalala matangani, nani atabeba maji, nani atakwenda kuchimba kaburi. Katika orodha hiyo ya pili, jina la mkuu wa ofisi liwe la kwanza.