Belti ya taiming haipigi hodi

Yapo magonjwa ya gari ambayo humpa mwenyewe nafasi ya kujiandaa. Breki zikianza kuisha hupiga kelele. Betri ikichoka, gari huwaka kwa shida asubuhi mbili tatu kabla ya kugoma kabisa. Tairi likiwa kipara, hata mtoto wa darasa la pili atakuonyesha. Lakini kuna kitu kimoja kilichojificha nyuma ya kifuniko cha plastiki mbele ya injini, ambacho hufanya kazi kimya kimya kwa miaka, kisha siku moja hukatika bila hata kubisha mlango. Kitu hicho ni belti ya taiming. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa na gari, lakini maneno yao yanaingia hapa barabara.

Jirani yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alinunua gari kutoka kwa mtu ambaye alikuwa amelitumia kwa miaka kadhaa. Muuzaji alimwambia kwamba belti ilikuwa imebadilishwa “juzi juzi tu”. Mwalimu hakuitisha risiti, kwa kuwa aliona haya kumshuku mtu mzima mwenzake. Ilipofika Desemba alipakia mke, watoto watatu, unga na sukari, wakashika njia ya kwenda kwa wazazi magharibi. Walipopita Gilgil, injini ilizimika ghafla kama taa ya stima. Alijaribu kuiwasha tena na tena. Stata ilizunguka upesi kuliko kawaida, lakini gari halikuwaka. Walilala Nakuru. Fundi alipofungua hedi siku ya pili, alikuta vali zimepinda. Pesa alizokuwa ameweka za karo ya binti yake aliyekuwa akiingia kidato cha kwanza ziliishia kwenye hedi hiyo, na binti akaripoti shuleni wiki mbili baada ya wenzake.

Aliporudi mtaani aliniuliza swali moja tu: “Jirani, mimi ningejuaje?” Swali hilo ndilo ninalotaka tulijibu leo, mimi na wewe.

Kwanza tujue belti hii hufanya nini. Ndani ya injini kuna pistoni ambazo hupanda na kushuka, na nguvu zake huzungusha krenki, yaani ule mhimili ulio chini. Juu kuna mhimili mwingine, kamshafti, ambao kazi yake ni kufungua vali ili hewa na petroli viingie na moshi utoke. Mihimili hiyo miwili ni lazima iende pamoja bila kukosana hata jino moja. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Belti ya taiming, ambayo imetengenezwa kwa mpira ulioimarishwa kwa nyuzi ngumu na kuchongwa meno upande wa ndani, ndiyo inayoifunga mihimili hiyo pamoja.

Wewe mwanafunzi unayependa hesabu, hebu chukua kalamu. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kamshafti huzunguka mara 1,500, na kila vali hufunguka mara 1,500 katika dakika hiyo. Hiyo ni mara 25 kwa kila sekunde. Sasa fikiri belti ikatike katikati ya shughuli hiyo. Vali zilizokuwa wazi hubaki wazi, na pistoni bado zinapanda kwa kasi. Katika injini nyingi nafasi iliyopo haiwatoshi wote wawili. Pistoni huzigonga vali, nazo hupinda. Hicho ndicho kilichomkuta Mwalimu.

Baba zetu hawakuijua shida hii sana. Peugeot 504 na Datsun 1200 walizoendesha zilitumia cheni ya chuma. Belti ya meno ilianza kuuzwa katika gari dogo la Kijerumani, Glas 1004, mwaka wa 1962, kisha wengine wakaiga kwa sababu ni nyepesi, haina kelele na haihitaji kulainishwa kwa oili. Hata sasa si kila gari lina belti. Kwa hivyo hatua ya kwanza ni kujua injini yako ni ya aina gani. Vitz, Probox na Fielder zenye injini ya 1NZ hutumia cheni. Corolla za petroli za AE100 na AE110 pamoja na Starlet hutumia belti. Subaru zenye injini ya EJ ni za belti, ilhali zile za FB ni za cheni. Prado mbili zaweza kuegeshwa sambamba mtu asione tofauti, kumbe ya petroli ya 2TR ina cheni na ya dizeli ya 1KD ina belti. Usiulize jina la gari tu, uliza namba ya injini. Na wewe mwenye cheni usicheke sana. Cheni nayo hulegea oili ikicheleweshwa, na ukisikia mchakato wa vyuma injini inapowaka asubuhi, mwone fundi.

Hatua ya pili ni kuhesabu kilomita. Watengenezaji wengi wa Japani walitaja kilomita 100,000 kwa belti zao, ingawa kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Hapa ndipo wengi wetu wa mjini tunapojidanganya. Tunasema, “Gari langu halisafiri, mimi ni wa kwenda kazini na kurudi tu.” Ngoja tuhesabu tena. Gari linalosafiri kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa litamaliza kilomita 100,000 kwa saa 1,250. Gari linalotambaa kwenye foleni ya Jogoo Road au Mombasa Road kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa litachukua saa 5,000 kumaliza kilomita hizo hizo. Hata tukikumbuka kwamba safarini injini huzunguka upesi zaidi, belti ya gari la mjini imefanya kazi kubwa kuliko inavyoonyeshwa na saa ya kilomita, tena katika joto la kusimama. Ukiwa umesimama kwenye foleni, namba za dashibodi zimelala lakini belti iko macho.

Hatua ya tatu ni kuhesabu miaka, kwani mpira huzeeka hata ukikaa bure. Chukua mtu anayeendesha kilomita 40 kwa siku, siku sita kwa wiki. Kwa mwaka atapiga kilomita 12,000 na ushei, na itamchukua takriban miaka minane kufikisha 100,000. Kabla ya hapo mpira umeshapikwa na joto. Ndiyo maana watengenezaji wengi hutaja kilomita na miaka pamoja, na kanuni ni moja: kinachotangulia ndicho kinachofuatwa.

Sasa tuje kwa magari ya mitumba, maana ndiyo tuliyo nayo wengi. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Hii ina maana kwamba gari laweza kushuka Mombasa likiwa na miaka saba, nayo belti yake ina miaka saba vile vile. Ukilinunua baadaye kutoka kwa mwenye pili au wa tatu, ile miaka ya Japani haikufutwa na rangi mpya.

Fungua boneti ukatafute kibandiko. Gereji za Japani zikibadilisha belti huwa na desturi ya kubandika karatasi ndogo yenye tarehe na kilomita. Maandishi ni ya Kijapani, lakini namba utazisoma. Ila jihadhari: mara nyingi mwaka huandikwa kwa hesabu ya enzi ya mfalme wao. Enzi ya Heisei ilianza mwaka wa 1989, kwa hivyo ukiona mwaka 20, ongeza 1988 upate 2008. Enzi ya Reiwa ilianza 2019, na hapo mwaka 2 ni 2020. Linganisha kilomita za kibandiko na zilizo kwenye dashibodi. Kibandiko kikionyesha kilomita 95,000 na dashibodi inaonyesha 70,000, basi kuna mtu aliyezirudisha nyuma, na hapo usiamini lolote jingine utakaloambiwa.

Baadhi ya magari ya dizeli ya Toyota yana taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Taa hiyo haioni belti wala haijui kama imechanika. Huhesabu kilomita tu, kisha ikawaka. Na kwa kuwa yaweza kuzimwa bila belti kuguswa, taa isiyowaka si ushahidi. Ushahidi ni risiti yenye tarehe, kilomita na namba ya gari. Kama hakuna risiti wala kibandiko, hesabu kwamba belti haijabadilishwa, ubadilishe mara moja. Hapo ndipo Mwalimu alipoteleza. Kumwomba muuzaji risiti si kumtukana.

Utaniuliza, je, fundi hawezi kuifungua na kuiangalia? Aweza, na ni vyema afanye hivyo. Akikuta nyufa, meno yaliyolika, nyuzi zilizochomoza au oili imeilowesha, usiondoke na belti hiyo. Lakini akikuta inang'aa bila doa, jibu lake halikupi miaka mingine mitano, kwa sababu belti nyingi hukatika zikiwa bado zina sura nzuri. Macho yanaweza kuihukumu belti mbaya, hayawezi kuiachilia iliyozeeka. Aidha, ziko dalili ambazo hazingoji kilomita: oili inayovuja mbele ya injini, sauti ya kusaga kutoka nyuma ya kile kifuniko, au maji yanayodondoka upande huo.

Kuna fundi atakayekwambia, “Mzee, hii ni Toyota, belti ikikatika tutaweka nyingine.” Hadanganyi kabisa. Injini kama 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE ziliundwa hivi kwamba vali na pistoni hazikutani hata belti ikikatika, na zilizowahi kukatika aghalabu huwekewa mpya zikaendelea. Lakini fundi huyo anazungumzia injini, hazungumzii watu waliomo garini. Belti haichagui pa kukatikia. Yaweza kukatika ukiteremka Mai Mahiu usiku, lori nyuma yako. Injini ikizimika usukani huwa mzito, na breki hubakiwa na nguvu za kukanyaga mara moja au mbili tu kabla ya kuwa ngumu. Jambo hilo likikupata, usikanyage breki kidogo kidogo; kanyaga kwa uthabiti, washa taa za hatari, jiondoe barabarani. Kisha usijaribu kuwasha tena wala kusukumwa. Kila mzunguko wa stata waweza kuongeza hasara.

Ukiamua kubadilisha, badilisha vizuri. Tenshona na puli zinazoiongoza belti zina beringi, nazo zimezunguka miaka ile ile. Beringi ikikwama itaikata belti mpya. Oili sili za krenki na kamshafti ni za bei ndogo, na kuzifikia ndiko kwenye kazi. Katika injini kama EJ20 ya Subaru, pampu ya maji huzungushwa na belti hiyo hiyo. Iweke mpya pamoja, la sivyo utalipa kazi ile ile mara mbili. Injini za Mitsubishi 4D56 zina belti ya pili ndogo ya mihimili ya kutuliza mtetemo, nayo isiachwe. Vipuri bandia viko tele, kwa hivyo nunua mwenyewe au na fundi, kwa muuzaji atakayeandika risiti. Kazi ikiisha, mwombe fundi aizungushe injini kwa mkono, mizunguko miwili kamili ya krenki, alama za taiming zirudi mahali pake, ndipo aguse stata. Fundi mzuri hatakasirika. Atakuwa alishafanya hivyo kabla hujamwomba.

Fanya kazi hiyo wiki mbili tatu kabla ya safari ya Desemba wala si jioni ya kuamkia safari, ili kasoro yoyote ikukute karibu na nyumbani. Na ikiwa mfuko umebana, weka kando kidogo kila mwezi kama unavyoweka ya kodi ya nyumba. Gharama ya belti na vifaa vyake huuma, lakini unaijua mapema na unaipangia siku. Gharama ya hedi hujipangia siku yenyewe.

Siku hizi Mwalimu ana karatasi aliyoigundisha ndani ya boneti kwa gundi ya seloteipu: tarehe, kilomita na jina la gereji. Majuzi alinionyesha kwa fahari, nikamwambia aandike pia mwaka wa kubadilisha tena. Alicheka, akaenda kutafuta kalamu. Binti yake alishavuka kidato cha kwanza.

Leo ukitoka kanisani au ukimaliza chakula cha mchana, fungua boneti yako utazame kama kuna karatasi kama hiyo. Kama haipo, na hujui namba ya injini yako, unayo kazi ya Jumatatu.

Hadi Jumapili ijayo, endesha kwa usalama.