Kotesheni nzuri, faida hewa

Wenye karakana za alumini na vyuma jijini Dar es Salaam, ambao zamani waliandika bei nyuma ya paketi ya sigara, siku hizi wanampa mteja karatasi safi yenye nembo na namba ya mlipakodi. Programu za kuendeshea biashara, kama QuickBooks na Odoo, ndizo zilizowafikisha hapo. Si jambo dogo. Kotesheni ikikubaliwa hugeuzwa kuwa ankara bila kuandikwa upya, na mwenye mali huona mara moja ni kazi zipi bado zinasubiri jibu la mteja.

Hata hivyo, programu hujumlisha kile ilichopewa tu, na hapo ndipo wengi wanapoumia bila kujua.

Chukua kazi ya madirisha ambayo vifaa na ufundi wake ni shilingi 1,000,000, bila kuhesabu VAT ya manunuzi. Fundi anaongeza 20% na kuandika 1,200,000. Mteja haoni neno lolote kuhusu kodi, hivyo anaichukua kuwa ndiyo bei ya mwisho, na ana haki. Kama karakana imesajiliwa kwa VAT, kwa kiwango cha kawaida cha 18% cha Tanzania Bara, shilingi 183,051 za fedha hiyo ni za serikali. Zinabaki 1,016,949. Faida ni shilingi 16,949, ambayo huenda isitoshe hata kukodi kirikuu ya kupeleka mzigo. Chanzo cha yote hayo ni kisanduku kimoja cha kuchagua bei pamoja na kodi au bila kodi, ambacho aliyefunga programu alikiacha kama alivyokikuta.

Hata pasipo kodi, 20% juu ya gharama si 20% ya mauzo, ni 16.7% tu. Anayetaka moja ya tano ya mauzo yake iwe faida sharti auze kazi hiyo kwa 1,250,000.

La pili ni orodha ya bei iliyolala. Mwaka 2024 dola ilipanda hadi kupita shilingi 2,700, kisha kabla mwaka haujaisha ikashuka chini ya 2,500. Aliyeacha bei za zamani ndani ya kompyuta wakati dola inapanda alinunua vifaa kwa hasara. Aliyeacha za dola ghali wakati inashuka aliwapa washindani wateja wake. Muda wa siku 30 unaoandikwa chini ya kotesheni nyingi ni mazoea tu. Kwa bidhaa zinazoagizwa nje, siku 7 zinatosha, na awepo mtu mmoja anayewajibika kupiga simu kwa wauzaji kila Jumatatu na kusahihisha orodha.

Mwekezaji mdogo anayeombwa mtaji na karakana ya namna hii huonyeshwa rundo la kotesheni zilizokubaliwa. Ni heri aombe kazi tano zilizokwisha na kulipwa, alinganishe kila kotesheni na risiti za manunuzi, nauli na malipo ya vibarua. Gharama zikionekana kuzidi makadirio katika tatu kati ya hizo, orodha ya bei isahihishwe kwanza, ndipo yazungumzwe mambo ya mtaji au ya kununua programu mpya.