Mtafiti, Nani Kakutuma?

Vijana wa Mwanza, tusidanganyane. Kalamu ya mtafiti yaweza kukata kuliko panga.

Enzi za mkoloni, Hans Cory alikaa na wazee wa Kisukuma akiandika mila zao na habari za watemi. Cheo chake? Mwanasosholojia wa Serikali! Mwaka 1953 akatoa kitabu cha sheria za Wasukuma, kwa Kiingereza. Mwaka 1954 akatoa mapendekezo ya kubadili utawala wao. Mwaka huo huo TANU ikapigwa marufuku Usukumani. Sisemi Cory ndiye aliyeipiga. Nasema bosi ni yule yule. Je, nani aliwauliza wazee kama wanataka siri za ukoo zimfikie DC?

Leo madodoso yanashushwa Mwaloni, Kirumba: unatumia nyavu gani, unavulia wapi, nani tajiri yako? Tusisahau Operesheni Sangara ya 2018, nyavu zilipochomwa moto.

Kulipwa na serikali si kosa. Kosa ni kuficha. Mtafiti aseme nani kamtuma na majibu yanakwenda kwa nani, kisha ripoti irudi mwaloni kwa Kiswahili. Akigoma, fungeni midomo. Hata sangara hunaswa kwa mdomo!