Ushuru wa Forodha Wamlinda Nani?

Kwa wenzetu wanachama na makarani wote,

Twasikia ushuru wa forodha ukisifiwa kuwa ni ngao ya nchi changa. Sisi wa Makuyuni twakubali kwamba nchi changa yahitaji ngao. Lakini twauliza: ni nani akingwaye nayo, na ni nani ailipiaye?

Tukumbuke yaliyopita. Tangu mwaka 1923 mazao ya Kenya yaliingia Tanganyika pasipo ushuru, na mwaka 1927 forodha za nchi hizi zikaunganishwa. Unga wa ngano, sukari na siagi vya ng'ambo vikatozwa ushuru mzito ili walowezi wa Kenya wapate soko. Mnunuzi wa Tanganyika alilipa bei iliyopanda, na hazina ya nchi yake haikupata ushuru wo wote kwa mali ya Kenya. Mwaka 1932 Sir Sydney Armitage-Smith, aliyetumwa kukagua fedha za Tanganyika, aliulaumu mpango huo waziwazi.

Na mkonge wetu wa Korogwe je? Mbegu yake ililetwa na Dr. Richard Hindorf mwaka 1893, na kufikia mwaka 1964 nchi ilitoa tani zipatazo 230,000 za katani. Lakini katani huuzwa ng'ambo, wala forodha ya Tanga haina amri juu ya bei ya huko. Kamba za plastiki zilipoenea bei ilianguka, na ushuru haukumfaa mkata mkonge. Ushuru humlinda auzaye ndani ya nchi. Auzaye nje hulipia nguo na sukari kwa bei ya juu, na mshahara wake ni ule ule.

Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki imeongeza daraja la ushuru la asilimia 35, juu ya lile la 25 la tangu 2005, kwa nguo, samani na vitu vinginevyo. Walowezi hawapo tena, lakini mnunuzi ni yule yule. Kwa hiyo twadai mambo matatu: kila kiwanda kilindwacho kitajiwe mwisho wa ulinzi wake; kinunue kwanza pamba na katani ya hapa; na hesabu ya faida na hasara itangazwe kila mwaka. Mtoto abebwaye siku zote hajifunzi kutembea, na mgongo umbebao ni wetu.

Twawaomba ndugu wa kila tawi walijadili neno hili katika mkutano ujao, na majibu yaandikwe.

Ni sisi wenzenu,
Makuyuni.