Mchezo wa kusimulia: sheria za kuchukua na za kuacha



Wengi mmeniuliza juu ya mchezo ambao watoto wanaucheza siku ya posho mchana katika chumba chetu cha mikutano, ule wa vifuniko vya chupa. Wengine mliuliza kwa kutaka kujua, wengine kwa wasiwasi. Tumeucheza majuma matatu na watoto sita wa miaka 10 hadi 14, wamama wawili wakikaa nao. Haya ni maoni ya mwanzo, na nitasema hasa juu ya sheria zake, maana ndizo zinazomfundisha mtoto kabla hata hatujafungua kinywa.

Unaitwa Dungeons & Dragons. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa Marekani mwaka 1974, na sheria zimeandikwa upya mara kadhaa, hivi karibuni mwaka 2024. Sisi tunatumia zile za msingi ambazo kampuni iliziachia watu wote bure mwaka 2023, na kwa Kifaransa ziko. Unaruhusiwa kuzichapisha, kuzitafsiri na kuzipunguza, mradi useme zimetoka wapi. Kijana wa mmoja wetu anayesoma Goma alituletea kurasa.

Kisoro mnakijua: vishimo 32, kete 64, kila kitu kiko machoni na mwenye hesabu ndefu ndiye anashinda. Ludo ni bahati ya dadu. Huu mpya unachezwa kwa kusema. Mtu mmoja ni msimulizi. Anasema: mto umejaa, daraja la miti limekwenda na maji, ng'ambo kuna mama mzee anangoja dawa, mnafanya nini? Kila mtoto ni mtu fulani katika hadithi, na anajibu kwa jina la mtu huyo. Jambo likiwa rahisi, linafanyika tu. Likiwa gumu, ndipo sheria inaingia.

Sheria yenyewe ni fupi. Unatupa dadu yenye pande 20, na msimulizi amekwisha kuamua kiasi cha ugumu: 10 kwa jambo jepesi, 15 kwa la katikati, 20 kwa gumu. Ukifika au ukipita, umefaulu. Dadu ya namna hiyo hapa Kashuga hatuna, kwa hiyo tuliandika namba 1 hadi 20 juu ya vifuniko, tukavitia mfukoni. Mtoto anachomoa kimoja, anasoma, anarudisha. Asiporudisha, hesabu inaharibika, na watoto waliligundua hilo kabla yetu.

Juu ya namba hiyo unaongeza kitu kidogo kutoka kwenye karatasi ya mtu wako. Kuna mambo sita: nguvu, wepesi, ugumu wa mwili, akili, hekima, na uwezo wa kuvuta watu. Hapa sheria inazunguka bure. Unatupa dadu ya ludo mara nne, unaacha ile ndogo, unajumlisha tatu zilizobaki, labda unapata 14. Halafu unaambiwa 14 hiyo huitumii, inakupa nyongeza ya 2 tu, na 10 haikupi kitu. Sasa 14 tunaiandika ya nini? Sisi kwenye kaye tunaandika nyongeza peke yake, na mtoto wa miaka 10 anaelewa mara moja.

Lakini kuna sheria moja ambayo ningeinunua kwa pesa. Mwenzako anayeweza kazi hiyo akikusaidia, unachomoa mara mbili na kuchukua namba iliyo kubwa. Angalieni hesabu. Kwa jambo la 15, bila nyongeza, vifuniko sita tu kati ya 20 vinakufaulisha, ni mara 30 kwa 100. Ukisaidiwa, unafika mara 51 kwa 100. Hakuna aliyewahubiria watoto kushirikiana. Juma la kwanza kila mtu alitaka kuvuka mto peke yake, awe shujaa. Juma la pili walikuwa wanaulizana kabla ya kuchomoa: "Nani anajua kamba? Nani anajua kuogelea?" Msichana mmoja mpole, ambaye masomoni hasikiki, sasa ndiye anaitwa na wote kwa sababu karatasi yake inasema anajua dawa. Mtu akianguka katika hadithi hafi hapo hapo: anachomoa, 10 na zaidi ni nzuri, nzuri tatu anatulia, mbaya tatu amekwisha. Na mwenzake anaweza kumwinamia na kumtuliza kabla hajafika huko. Binti huyo ameokoa wawili.

Sasa wasiwasi wenu. Ni kweli kwamba kurasa nyingi ni za mapigano na za uchawi. Hata Marekani, miaka ya 1980, wazazi wengi waliuogopa mchezo huu kwa sababu hiyo. Mimi sidhani mtoto anakuwa mchawi kwa kuchomoa kifuniko. Lakini hapa kwetu neno hilo si mchezo. Tunajua mtoto anavyoweza kufukuzwa nyumbani kwa sababu jirani amelitamka. Sitaki mtoto yeyote aketi mezani akisema "mimi ni mchawi", halafu maneno yatembee mpaka sokoni. Kwa hiyo sehemu hiyo tuliitoa yote. Mchezo haukuanguka. Wanabaki mwindaji, mganga wa majani, fundi wa miti, mbeba mizigo.

Mapigano ni shida ya namna nyingine. Katika sheria hizi mtu anakua kwa alama, na alama zinatoka hasa kwa kushinda maadui. Mtoto haraka anafahamu kitu gani kinalipa. Sisi tumesema alama zinatoka kwa kufikisha watu na vitu salama. Bado hatujakubaliana ni ngapi: mama mmoja anataka kila aliyefika apate sawa, mwingine anataka aliyesaidia apate zaidi.

Kuna jambo jingine halimo katika kurasa hizo, linatoka kwa Mmarekani mwingine, John Stavropoulos. Unaweka katikati ya meza kadi yenye alama ya X. Yeyote akiona hadithi inaelekea pabaya kwake, anaigusa. Jambo hilo linaondolewa mara moja, na hakuna anayemuuliza kwa nini. Nilifikiri ni mambo ya wazungu. Juma la pili mvulana mmoja aliingiza bariere ya watu wenye bunduki njiani, jinsi watoto wetu wanavyoijua. Mkono ulikwenda kwenye kadi. Msimulizi akasema: "Hakuna bariere, kuna mti umeanguka," wakaanza kutafuta panga na kamba. Ni nani aligusa, sitaandika. Watoto wengine mezani pale wamekimbia mara mbili, mara tatu katika maisha yao, na sisi hatuna ufundi wa kufungua vidonda hivyo siku ya posho mchana. Kama kikundi chenu kitaanza, anzeni na kadi hiyo, vifuniko vifuate.

Tena mama mtu mzima awe mezani daima. Vijana wenyewe kwa wenyewe wanarudisha bunduki katika hadithi ndani ya robo saa, nimeona.

Kwa kutengeneza: vifuniko 20 vya namna moja, visiwe vimepindika, kwa sababu vidole vya watoto vinajifunza kutambua. Vya Primus havikosekani. Andikeni namba ndani, si juu, na mweke mstari chini ya 6 na 9. Mfuko uwe wa kitambaa kizito. Anayetaka kurasa aje na kaye yake, tutamsomea na kumtafsiria anachohitaji. Ni kurasa nne tu, baada ya kupunguza.